Forsyth: ripota aliyeambiwa Biafra siyo stori

Tuanze na spoila kabisa ili tusilaumiane mbele ya safari: de Gaulle hafi. Rais wa Ufaransa kwenye The Day of the Jackal, riwaya ya Frederick Forsyth, haguswi hata ukucha, na msomaji wa mwaka 1971 alilijua hilo kabla hajatoa hela mfukoni, maana mzee mwenyewe alifariki nyumbani kwake Colombey tarehe 9 Novemba 1970, jioni, kwa maradhi yake, hakuna bunduki wala nini. Sasa niambie, nani anaandika kurasa zaidi ya mia tatu za jaribio la kumuua mtu ambaye dunia nzima inajua hakuuawa, halafu anategemea watu wanunue? Wachapishaji wa London waliuliza swali hilohilo wakamrudishia mswada wake. Na bado kile kitabu ukikishika saa tatu usiku unajikuta saa nane hujalala, unajua kabisa yule mdunguaji atakosa na mapigo ya moyo yako juu vilevile.

Frederick Forsyth alifariki tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 86. Siku zile mitandao ilijaa rambirambi za kufanana, bingwa wa riwaya za kijasusi, nakala zaidi ya milioni 75, muvi, halafu ile siriz mpya ya Eddie Redmayne ya 2024, basi. Yote kweli. Ila nilipokuwa nazisoma niliona kuna sehemu karibu kila mmoja anaipita mbio, sentensi moja hivi halafu twende kwenye muvi: Biafra, sehemu ya mashariki ya Nigeria iliyojitenga 1967 ikapigana vita mpaka 1970. Na mimi naona ukiitoa Biafra kwenye maisha ya yule mzee unabaki na rubani wa zamani anayejua lugha nyingi, mpiga stori mzuri wa baa, hakuna mwandishi hapo.

Ya utotoni nayapita haraka. Alizaliwa Agosti 1938 Ashford, mji mdogo wa Kent kusini mwa Uingereza, mtoto wa pekee, baba yake ana duka la makoti ya manyoya. Vita ya Pili ikamkuta mdogo, na Kent ndiyo ilikuwa njia ya ndege za Wajerumani kwenda kupiga London, kwa hiyo anga la utoto wake lilikuwa ndege tupu. Akiwa na miaka mitano hivi wanajeshi wakamkalisha kwenye kiti cha rubani wa Spitfire, na hapo akili ikahama moja kwa moja, hataki kusikia kitu kingine zaidi ya kurusha ndege. Lakini jambo la maana zaidi alilofanya baba yake ni kumtuma likizo akaishi na familia za watu Ufaransa, halafu Ujerumani, na wakati huo vita imeisha juzi tu, Waingereza wengi hawataki hata kumsikia Mjerumani anaongea. Dogo akarudi anamwaga Kifaransa na Kijerumani kama mwenyeji. Baadaye akaongeza Kihispania, na Kirusi cha kuombea maji. Kumbuka hilo la lugha, ndiyo mtaji wake wote wa baadaye.

Shuleni Tonbridge walimu walimtaka aende Cambridge, akagoma. Enzi hizo vijana wa Uingereza walikuwa wanaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, yeye akaomba jeshi la anga, na akiwa na miaka 19 tayari anarusha jeti za Vampire peke yake. Ndoto imetimia, sivyo? Akaacha. Hakukuwa na uhakika kwamba angeendelea kurushwa angani, angeweza kuishia kusaini makaratasi, na yeye alitaka kuona dunia. Akaingia kwenye gazeti la mkoa, Eastern Daily Press, kituo cha King's Lynn, kuripoti kesi ndogondogo na vikao vya madiwani, miaka mitatu. Mwaka 1961 akaenda shirika la habari la Reuters, na Kifaransa chake kikampeleka Paris 1962.

Hapa twende polepole kidogo. Paris ya 1962 ilikuwa moto. De Gaulle ameiachia Algeria, imepata uhuru Julai, na kuna wanajeshi na walowezi waliokuwa wanaona amewasaliti, wameunda kikundi cha siri kinaitwa OAS, lengo lao moja kubwa ni kumtoa roho. Tarehe 22 Agosti wakamvizia pale Petit-Clamart, nje kidogo ya Paris, wakaimiminia gari yake Citroën DS risasi zaidi ya mia, matairi yakapasuka, vioo vikavunjika, mzee na mkewe ndani, wakatoka bila mchubuko. Aliyepanga shambulio, luteni kanali Bastien-Thiry, akakamatwa na Machi 1963 akapigwa risasi na kikosi.

Maripota wengine waliripoti tukio. Forsyth naye aliripoti, ila yeye alikuwa kijana wa miaka 24 mwenye tabia ya kukaa vijiwe vya kahawa na walinzi wa rais, anawanunulia vinywaji, anasikiliza. Akafikia hitimisho lake mwenyewe: hawa OAS hawatafanikiwa kamwe, kwa sababu wote wanajulikana, kila mmoja ana faili polisi, kila kikao chao kina mtu wa Usalama ndani yake. Njia pekee ingekuwa kumkodi mtu wa nje kabisa, asiye na faili, asiye na jina, anayefanya kwa hela. Akaliweka kichwani likakaa humo zaidi ya miaka saba. Nalipenda hili jambo, kwamba kitabu kilichombadilishia maisha kilianza kama uchambuzi wa ripota aliyekuwa anasubiri rais atoke mlangoni.

Baada ya Paris wakampeleka Berlin Mashariki, ofisi yenye vinasa sauti kila kona, Stasi, mashushushu wa Ujerumani Mashariki, nyuma yake mchana na usiku. Kuna usiku aliona misafara ya vifaru vya Warusi inaingia mjini akatuma habari haraka, wakubwa wa dunia wakaamshwa usingizini, kumbe jamaa walikuwa wanafanya mazoezi ya gwaride la Mei Mosi. Alikuwa anaisimulia kwa kicheko mpaka uzeeni. Mwaka 1965 akahamia BBC.

Sasa Biafra.

Kwa walio wadogo: Nigeria ilipata uhuru 1960, ikaingia kwenye mapinduzi mawili mwaka 1966, na mwaka huohuo Waigbo waliokuwa wanaishi kaskazini wakauawa kwa maelfu, waliobaki wakakimbilia kwao mashariki. Tarehe 30 Mei 1967 kanali Ojukwu akatangaza mashariki imejitenga, inaitwa Biafra. Julai vita ikaanza. BBC wakamtuma Forsyth, na maelezo aliyopewa London kabla ya kupanda ndege ni kwamba huo ni uasi mdogo wa mtu mmoja, utazimwa ndani ya muda mfupi tu, nenda karipoti urudi.

Alipofika akakuta watu wamesimama nyuma ya jambo lao, jeshi la Nigeria halipiti kirahisi kama ilivyosemwa, na kila alichoambiwa na wanadiplomasia hakifanani na anachokiona. Akaripoti alichokiona. Tatizo ni kwamba serikali ya Uingereza ya waziri mkuu Harold Wilson ilikuwa imeshachagua upande, iko na serikali ya Nigeria kule Lagos, inawauzia silaha, kuna mafuta pale, na ripoti za kijana mmoja kutoka Enugu, makao makuu ya Biafra, zinaharibu hesabu. Wakamrudisha London. Akaomba arudi vitani, akajibiwa kwamba siyo sera ya shirika kuripoti vita ile. Hebu fikiria. Vita ya mamilioni ya watu, koloni lenu la juzi, silaha zenu, halafu siyo sera.

Akaacha kazi. Mwanzoni mwa 1968 akarudi Biafra kwa nauli yake, bila mwajiri, bila bima, akawa anauza habari kwa yeyote atakayenunua.

Hapa ndipo Mtanzania kama mimi anakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu tarehe 13 Aprili 1968 nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra ilikuwa Tanzania. Mwalimu Nyerere. Na siyo kitu chepesi, maana sisi wenyewe ndiyo kwanza tuna miaka minne tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane, Afrika nzima inaogopa habari ya nchi kuvunjika vipande, na Mwalimu aliyekuwa akihubiri umoja kuliko karibu kila mtu ndiye anasimama kusema serikali isiyoweza kuwalinda watu wake haiwezi kudai utii wao kwa bunduki. Zikafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia. Wengine walimlaani, wengine wanambishia mpaka leo, na Wanigeria wengi hawajawahi kuipenda ile habari. Mimi simhukumu leo. Ninachosema ni kwamba mwezi uleule ambao Dar es Salaam ilikuwa inatangaza hivyo, kuna Mwingereza mmoja porini kule alikuwa anajaribu kuwaambia watu wa kwao kitu kinachokaribiana na hicho, na hawataki kusikia.

Kufikia katikati ya 1968 Biafra imezingirwa, chakula hakiingii, na watoto wakaanza kuvimba matumbo, nywele zinageuka rangi, kwashakoo. Picha zilipofika kwenye magazeti ya London ndipo dunia ikashtuka. Makanisa yakaanzisha ndege za msaada za usiku kutoka kisiwa cha São Tomé, zinatua Uli, na Uli yenyewe haikuwa uwanja wa ndege, ilikuwa barabara ya lami iliyopanuliwa katikati ya msitu, taa zinawashwa dakika chache ndege inapokaribia halafu zinazimwa maana kuna ndege ya Nigeria inazunguka juu na mabomu. Forsyth aliingia na kutoka kwa njia hizo. Aliwaona wale watoto wakifa, siyo wawili siyo watatu. Makadirio mengi ya waliokufa kwenye ile vita yanazidi milioni moja, wengi wao kwa njaa. Akaandika kitabu chake cha kwanza, The Biafra Story, Penguin wakakitoa 1969, na hakikubadilisha kitu, silaha ziliendelea kwenda.

Krismasi ya 1969 ilimkuta London akiwa hana kazi, hana nyumba, hana hela, na jina lake kwenye ulimwengu wa habari limechafuka, anaonekana ni mtu wa upande mmoja aliyejigeuza Mbiafra. Analala kwenye kochi la rafiki. Tarehe 2 Januari 1970 akakaa kwenye meza ya jikoni na taipureta yake ndogo, ile aliyotoka nayo vitani ikiwa na alama ya risasi, akaanza kugonga. Siku 35. Biafra ikasalimu amri tarehe 15 Januari, yani jamaa yuko katikati ya kitabu, mtu wa kukodi anajaribu pasipoti na kulenga tikiti porini, na redioni wanatangaza kwamba kile alichokipigania miaka miwili kimekwisha. Angeweza kuandika kitabu cha hasira. Akaandika kitabu baridi kabisa, hakina hata chozi, na nafikiri ule ubaridi ndiyo hasira yenyewe, umewapa watu ukweli hawataki, sawa, wape stori.

Na ile stori ameiandika kama ripoti. Hii ndiyo siri yake na ndiyo kitu alichokileta kwenye riwaya za taharuki. Kabla yake ulikuwa unapewa shujaa, mwanamke mrembo, magari, unaambiwa jasusi akapata pasipoti bandia, basi imeisha. Forsyth anakwambia imepatikanaje: jamaa anaenda makaburini, anatafuta mtoto aliyekufa zamani ambaye leo angekuwa na umri wake, anaomba cheti chake cha kuzaliwa, kwa cheti anaomba pasipoti, na serikali inampa, ya halali, ina muhuri. Hakukuwa na mtu anayelinganisha daftari la vizazi na la vifo. Kitabu kikatoka, watu wakasoma, na ule mwanya ukaachwa wazi miaka na miaka. Mwaka 1974 mbunge wa Uingereza, John Stonehouse, akaigiza kifo chake kwenye ufukwe wa Miami akakimbilia Australia na pasipoti yenye jina la marehemu wa jimboni kwake. Huyo ni mbunge jamani.

Au ile bunduki. Anaenda kwa fundi Ubelgiji, wanakaa wanajadiliana uzito, urefu, vipande viingie kwenye mabomba ya mkongojo wa mtu aliyekatwa mguu, kurasa na kurasa za mazungumzo ya mafundi wawili wanaoheshimiana, na wewe msomaji umekaa hapo unatikisa kichwa kama mtu anayefuatilia bei ya vipuri. Yule muuaji hana hata jina. Hatujui kwao, hatujui anapenda nini. Upande wa pili kuna kamishna wa polisi Lebel, kafupi, kapole, mkewe anamgombeza nyumbani, anafanya kazi kwa simu na mafaili. Kama wewe ni msomaji wa kutaka undani wa nafsi za watu, Forsyth hatakufaa, wahusika wake wengi ni vikatuni na wanawake wake ndiyo kabisa, wanaingia wanalala na mtu wanatoka au wanakufa. Hilo ni pengo na halina utetezi. Ila kwenye namna mambo yanavyofanyika, hakuna aliyemfikia.

Wachapishaji sasa. Wanne walipelekewa, hakuna aliyekitoa, hoja ni ileile, de Gaulle yupo hai na mzima, taharuki iko wapi. Ikabidi aandike muhtasari wa kurasa chache kueleza kwamba swali la kitabu siyo kama rais atakufa, swali ni yule jamaa atasogea karibu kiasi gani na watamnasaje. Akampelekea Harold Harris wa Hutchinson, Harris akaelewa, akampa mkataba wa vitabu vitatu. Kitabu kikatoka 1971 kwa nakala chache tu za kujaribia, halafu watu wakaanza kuambizana. Mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Edgar kule Marekani. Muvi ikatoka 1973, na kwenye haki za muvi alipewa achague, pauni 17,500 pamoja na asilimia kidogo ya faida, au pauni 20,000 mkononi, shughuli imeisha. Akachukua 20,000. Mtu aliyekuwa analala kwenye kochi la watu, wewe ungefanyaje?

Tatizo la mkataba wa vitabu vitatu ni kwamba hana vitabu vingine viwili. Akajiuliza ninajua nini kingine. Ujerumani naijua: ikawa The Odessa File, 1972, ripota anamsaka Mnazi aliyekuwa mkuu wa geto la Wayahudi la Riga, Eduard Roschmann, ambaye alikuwa mtu halisi, yuko hai kwa wakati huo, kajificha Argentina, na Simon Wiesenthal, msaka Wanazi, ndiye aliyemwelekeza Forsyth kwake. Kitabu na muvi vikamfanya Roschmann ajulikane sura na jina, akaishia kukimbilia Paraguay na kufia huko 1977. Riwaya iliyomfukuza mtu halisi mafichoni, sijui mwandishi gani mwingine anaweza kujisifia hivyo.

Na Afrika ninaijua: ikawa The Dogs of War, 1974. Tajiri wa madini wa London anagundua mlima una platinamu kwenye nchi ndogo ya Afrika Magharibi, Zangaro, inayotawaliwa na dikteta kichaa, anakodi mamluki wapindue wamweke kibaraka wao. Ile Zangaro ni Guinea ya Ikweta ya Macías Nguema imebadilishwa jina tu. Kwa ajili ya utafiti Forsyth alijifanya mnunuzi wa silaha kutoka Afrika Kusini akaenda Hamburg kukaa na wauza bunduki, mpaka mmoja wao akapita mbele ya duka la vitabu akaona picha ya mteja wake iko nyuma ya riwaya mpya. Akapigiwa simu ondoka sasa hivi, akakimbilia stesheni akadandia treni ikiwa inaondoka. Hiyo ni simulizi yake mwenyewe, na mzee alijua kupika chai, lakini hii mimi naiamini.

Spoila ya pili, samahani. Kile kitabu ni kirefu, theluthi mbili ni mizigo, benki, meli, vibali vya forodha, unaweza kuchoka. Halafu mwishoni kabisa Shannon, kiongozi wa mamluki, anamgeuka tajiri wake. Kumbe muda wote alikuwa anafanya kazi ya mtu mwingine, jenerali aliyeshindwa vita na anaishi uhamishoni, na ile nchi inakabidhiwa kwa watu wa jenerali yule. Jina la Biafra halihitaji hata kutajwa, wakati huo Ojukwu alikuwa Ivory Coast uhamishoni na Forsyth ni rafiki yake, baadaye akaja kuandika kitabu kizima kumhusu. Yani miaka minne baada ya kushindwa, jamaa kakaa kwenye taipureta akawapa Waigbo nchi. Ya kwenye karatasi, lakini akawapa. Wakaguzi wa vitabu wa Ulaya waliandika sana kuhusu mamluki na silaha, mimi kila nikifika ukurasa ule naona kitabu kizima kilikuwa kinakuja hapo.

Na hapohapo nina ugomvi naye. Waafrika wa Zangaro wenyewe hawapo. Wapo kama umati, kama askari walevi, kama watu wa kuhurumiwa, hakuna hata mmoja mwenye fikra zake anayekaa kwenye ukurasa muda wa kutosha tumjue. Ukombozi wao unaletwa na kikosi cha kukodi kinachoongozwa na Wazungu, kwenye boti usiku. Kipindi hichohicho hapa kwetu Elvis Musiba alikuwa anamtuma Willy Gamba, Mtanzania, mpelelezi mwenye suti na bastola, anaifanya kazi mwenyewe. Ufundi wa kupanga mambo Forsyth alimzidi, sikatai, lakini nani anaruhusiwa kuwa mtu mzima ndani ya stori, hapo Musiba alikuwa mbele sana.

Kuna tetesi ambayo haikuwahi kumwachia. Mwaka 1978 Sunday Times waliandika kwamba Forsyth hakuwa anafanya utafiti tu, kwamba aligharimia mpango wa kweli wa kuipindua Guinea ya Ikweta mwaka 1973, ukakwamia Visiwa vya Canary. Yeye alikataa, akasema alikuwa anakusanya habari za kitabu. Machi 2004 ndege ya mamluki wa Simon Mann ikakamatwa Harare ikiwa inaelekea nchi ileile, mpango unaofanana na kitabu kiasi kwamba watu walicheka. Yule mwingine naye, Ilich Ramírez Sánchez, gaidi wa Venezuela, magazeti yalimbandika jina la Carlos the Jackal baada ya ripota kuona nakala ya riwaya kwenye nyumba vilimokuwa vitu vyake. Vitabu vya huyu mzee vilikuwa na tabia ya kutoka nje ya majalada.

Halafu 2015, kwenye kumbukumbu zake The Outsider, akamwaga lingine: kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akifanya kazi za MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza. Bila mshahara anasema, kazi ndogondogo, kupeleka ujumbe, kuuliza swali, na mara moja 1973 kuendesha gari mpaka Dresden kuchukua furushi kwenye choo cha makumbusho kutoka kwa afisa wa Kirusi. Na yote hayo, anasema, yalianzia Biafra, pale shushushu mmoja alipomfuata aeleze hali halisi ilivyo ndani.

Hili linanisumbua na sitaki kulipaka rangi. Ndiyo, naelewa hesabu yake, serikali haisikilizi maripota, labda itasikiliza majasusi wake, labda watoto wataokolewa. Lakini ni serikali ileile iliyokuwa inauza silaha za kuwazingira wale watoto. Na ripota akishakuwa shushushu, maripota wote waliobaki wanalipa. Mwandishi wa habari yeyote aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabara katika nchi yenye vita anajua swali la kwanza: wewe unatumwa na nani? Askari wanaouliza vile hawajatoa swali hewani. Forsyth alikuwa hivyo, mzalendo wa Uingereza ya kizamani, mhafidhina, mshabiki mkubwa wa Brexit, safu yake kwenye Daily Express ilikuwa inanikera kila nikikutana nayo, na huyohuyo ndiye aliyeacha kazi kwa ajili ya watu weusi ambao wenzake walikuwa tayari kuwaacha wafe. Sijaweza kuwatenganisha hao wawili, nimeacha kujaribu.

Hela. Alikuwa anasema wazi kwamba anaandika kwa ajili ya hela, siyo sanaa, na angeacha muda wowote. Karibu aache kweli, mpaka 1990 alipogundua akiba yake aliyomkabidhi mshauri wa fedha Roger Levitt imeyeyuka, zaidi ya pauni milioni mbili. Alipigwa. Levitt akahukumiwa saa 180 za kazi za jamii, ndiyo, saa. Forsyth ana miaka zaidi ya 50, akarudi mezani, na ndipo tukapata The Fist of God ya 1994, ya vita vya Ghuba, ambayo mimi naiweka karibu na zile tatu za mwanzo. Za baadaye zinapanda na kushuka. The Cobra ya 2010, wazo zuri, watu wa mbao.

Ila hata kwa kitabu cha mbao alienda mwenyewe. Machi 2009, ana miaka 70, akasafiri Bissau kuangalia njia za kokeini, akafika wakati mkuu wa majeshi analipuliwa kwa bomu na saa chache baadaye rais Vieira anauawa na wanajeshi, na babu yuko hotelini anasikia mlipuko. Baadaye kwa ajili ya The Kill List ya 2013 akaenda Mogadishu, umri ule, na walinzi wa kukodi. Hakuwahi kuandika kwa kompyuta, taipureta hadi mwisho.

Januari 2020, miaka 50 tangu Biafra isalimu amri, akaandika makala kwenye Guardian kuhusu nafasi ya Uingereza kwenye ile vita. Ana miaka 81, pesa anazo, tuzo anazo, hakuna kitabu cha kupigia debe. Na makala imejaa hasira mbichi, anawataja maafisa, anaitaja serikali, anataja idadi ya watoto. Haina ubaridi wa Jackal hata kidogo.

Kama hujawahi kumsoma, The Day of the Jackal na The Odessa File hazikosekani kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, majalada yamechakaa lakini kurasa zipo. The Dogs of War ukiipata vumilia zile sura za meli. The Biafra Story ni ngumu zaidi kuipata, mimi niliazimwa na mwenyewe ameshaanza kuidai.